Uyoga wa Mkwe

Alasiri ile ya Ijumaa ya Kwaresima, katika Dar es Salaam nzima, hapakuwa na mwanamke mwingine aliyekuwa akimwomba Mungu amtapishe mkwewe. Rosalia alikuwa akiomba hivyo huku anatembea, kanga imemteleza begani, kandambili mkononi kwa sababu ya tope, kutoka Mtoni kwenda Kurasini. Hakuomba kwa chuki. Kijana yule alimpenda, tena alimpenda kupita alivyoruhusiwa kuonyesha, maana kwao mama mkwe haonyeshi. Lakini asipotapika kabla jua halijazama, basi pengine hataiona wiki ijayo, na mkono uliomuua utakuwa huuhuu ulioshika kandambili.

Asije akahukumiwa kabla hajasikilizwa, tuanzie asubuhi.

Rosalia alikuwa Mmakua wa Masasi. Aliletwa mjini na mumewe Albano, mchonga vinyago, miaka michache baada ya Uhuru, wakajenga nyumba ya udongo na makuti pale Mtoni, na mtaa ukamjua kwa uyoga. Masika ikianza tu, yeye na kikapu chake wanapanda basi hadi Vikindu, anaingia msituni asubuhi na kutoka mchana. Alikuwa akileta uyoga wa manjano, ule unaoota chini ya miti na hauoti penginepo, kwa kuwa uyoga na mizizi ya mti hulishana. Ukikata mti, umeukata na uyoga wake. Alikuwa akileta uyoga mgumu wa kwenye magogo, usiolika, ambao huchemshwa na kunywewa na wenye kifua. Na alikuwa akileta ule wa mviringo kama yai, ambao ukikauka ukaubonyeza hutoa vumbi la kahawia. Vumbi lile hukausha kidonda na kuzuia damu, na nusu ya watoto wa mtaa ule vitovu vyao vilikaushwa nalo, akiwamo mjukuu wa jirani yake Mauwa.

Kwa hiyo alijua. Na kama walivyo wengi wanaojua, alipenda ijulikane kwamba anajua. Watu ambao zamani waliogopa uyoga kama nyoka walikuwa wakimkuta barazani anachambua, wanamuuliza huu je, huu je, naye anajibu bila kuinua kichwa.

Mafunzo yake aliyapata kwa bibi yake, mzaa mama, na bibi huyo hakuwa mtu wa mchezo. Uyoga wa kichuguu, alifundisha, usiung'oe. Uvunje usawa wa ardhi, mzizi uuache, kwa sababu kule chini mchwa wanaulima kama sisi tunavyolima mtama, na ukiwang'olea shamba lao watahama na kukuachia udongo mtupu. Tena alifundisha kwamba mwokotaji ndiye huonja kwanza, peke yake, na kusubiri hadi kesho ndipo awape wengine. Na ikitokea umekosea, alisema bibi, omba utapike mapema. Uyoga unaotapisha upesi unatoka na balaa lake. Wa kuogopa ni ule unaokaa kimya. Unalala nao, unaamka mzima, unakula, unacheka na watu, kumbe ini linaoza ndani.

Hayo yote Rosalia aliyashika tangu utotoni. Ijumaa ile aliyavunja, na sababu ilikuwa posa ya mwanawe.

Eufrazia alikuwa binti yake wa pekee, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Alikuwa amepatana na Gaspar, kijana wa Bukoba, karani wa ghala Kurasini, mtu mpole anayevaa shati lililopigwa pasi hata siku ya kupakua saruji. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri hadi aliposhuka kwa treni baba yake mdogo, Mzee Kamugisha, aliyetumwa na ukoo kuja kuona mtoto wao anataka kuoa wapi. Ilisemekana mzee hakufurahi. Watu wa kusini aliwasikia tu, na aliyoyasikia hayakuwa mazuri. Akasema atafika, atakaa, atakula, kisha ataamua.

Albano hakuwapo. Operesheni ya kuhamia vijijini ilikuwa imefika kwao Masasi, naye alikimbilia huko ili asije akakuta mikorosho yake imo katika kijiji ambacho jina lake halimo. Akaagiza Rosalia awapokee wageni kwa msaada wa Mauwa. Rosalia mwenyewe asingeweza kukaa nao. Kwao mkwe wa kiume na mama wa msichana hawatazamani usoni, na bahati nzuri, au bahati mbaya, hata kwao Gaspar ilikuwa vivyo hivyo. Ikaamuliwa Mauwa awe mdomo, Rosalia awe nyuma ya pazia.

Sasa wale nini? Mwaka wenyewe ulikuwa ule wa unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada. Mchele ulikuwa unasimuliwa tu. Nyama ni mwiko, Ijumaa ya Kwaresima, na wageni Wakatoliki kama yeye. Samaki walikuwa hawaonekani kwa sababu ya mvua zile. Ndizi za kupika alizitafuta hadi akazipata soko la Temeke, lakini ndizi zinataka kitu cha kuziteremsha. Alhamisi akaenda kituoni na kikapu chake ili aende Vikindu. Mto Mzinga ulikuwa umefurika, mabasi yote yanageuzia palepale Mtoni.

Ijumaa alfajiri alizunguka nyuma ya mikorosho ya palepale Mtoni, mahali ambapo mwaka uliopita greda lilisawazisha vichuguu kwa ajili ya viwanja vipya. Viwanja havijajengwa bado, nyasi changa zimeshajaa. Na katikati ya nyasi, kwenye duara kama watu wanaocheza ngoma, akauona uyoga. Mweupe, mkubwa, kofia zake upana wa kisahani. Moyo ukamruka.

Haki isemwe, alisita. Kofia zilikuwa na magamba ya kahawia ambayo hakuyapenda, na shinani palikuwa na kipete chembamba. Lakini akakumbuka kwamba pale palikuwa na kichuguu, yeye mwenyewe aliwahi kuokota pale, na greda husawazisha juu tu, mchwa wanabaki chini na shamba lao. Magamba ni tope la mvua. Kipete, basi, kila mtu na sura yake. Akili ya mtu anayetaka jambo lake haikosi hoja. Akainama, akauvunja mmoja mmoja usawa wa ardhi, kwa adabu, kama alivyofundishwa. Angeung'oa hata mmoja tu angeona kwamba hauna mzizi wowote wa kwenda kwa mchwa, umeishia kwenye kinundu kama kitunguu. Hakuung'oa.

Na hakuonja. Kwaresima nzima alikuwa amefunga, anakula mara moja tu jua likizama, na mfungo huo aliuweka kwa ajili ya ndoa hiyohiyo ya Eufrazia. Angevunjaje nadhiri siku yenyewe ya posa? Akapika kwa tui zito la nazi, chumvi akaipima kwa jicho.

Wageni walikuja, wakakaa, Mauwa akawapokea kwa maneno matamu kama yeye ndiye anayeoza. Rosalia nyuma ya pazia alisikia kila kitu. Alisikia Mzee Kamugisha akijibu kwa neno moja moja. Kisha alisikia sahani zikiwekwa, kimya, kijiko, kimya tena, halafu mzee akauliza kama kile kitoweo bado kipo. Mauwa akasema kipo tele. Rosalia aliuma ncha ya kanga asije akacheka kwa sauti. Mzee aliongezwa, Gaspar naye akaongezwa, na walipoondoka, jua limeshapita utosini, mzee alisema kwamba hakutarajia mapokezi kama yale, na kwamba Jumapili angetaja siku ya kuja rasmi. Eufrazia angerudi jioni kutoka zamu aikute habari hiyo. Mama yake alikaa jikoni akajipangusa jasho, akiwa na furaha ambayo hakuwahi kuwa nayo tangu ahamie mjini.

Ndipo akakumbuka kofia mbili alizozibakiza. Zilikuwa zimekomaa mno kwa kupika, akazilaza kifudifudi kwenye sinia jeupe ili zikauke, ampelekee Albano. Akainua moja aigeuze.

Chini yake, kwenye weupe wa sinia, palikuwa na vumbi. Uyoga wote uliokomaa hudondosha vumbi, hilo si ajabu. La uyoga wa kichuguu ni jekundu kidogo, hafifu, kama unga wa mtama. Hili lilikuwa la kijani, kijani kama ukungu wa mkate, limejichora mistari mistari kufuata vikunjo vya kofia. Akainua ya pili. Kijani. Akalamba kidole akagusa, akakitazama kidole chake kwenye mwanga wa mlango. Katika maisha yake yote, Masasi na Vikindu, hakuwahi kuona uyoga wenye vumbi la kijani.

Wala hakujua unafanya nini. Hilo ndilo lililomkata miguu. Angekuwa anaujua kuwa ni mbaya, angejua ubaya wake. Huu ulikuwa mgeni kabisa kwake, na alikuwa amewapakulia watu, wakaongeza.

Akamwita Mauwa. Mauwa alikuwa Mngindo wa Lindi, mjane, mwenye maneno mengi na roho nzuri, na bahati yake alikuwa hali uyoga hata umlipe. Akatazama sinia, akakaa chini taratibu.

Ushauri wake ulikuja haraka. Kwanza sinia lioshwe. Kisha Rosalia atulie ndani mwake. Wale wametoka mbali, maji ya hapa hawajayazoea, joto hawajalizoea, matumbo yao yatauma kwa mambo mia kabla mtu hajataja kitoweo. Akiinuka sasa kwenda kusema, posa imekufa leo, tena itasemwa mpaka Bukoba kwamba Wamakua walijaribu kumuua mzee wa watu siku ya kwanza tu.

"Na wakifa?" Rosalia aliuliza.

"Hawafi."

"Unajuaje?"

Mauwa akamsogezea jivu la kusugulia. Rosalia naye, tuseme ukweli, aliliosha sinia. Alilisugua kwa jivu hadi likang'aa, na alipokuwa akilisugua alikuwa ameshakubali kunyamaza. Aliona harusi, aliona Eufrazia na watoto, aliona Jumapili. Kisha akamwona Gaspar amelala kitandani, macho yamegeuka manjano, na madaktari wamemzunguka wanaulizana amekula nini huyu, na hakuna anayejua. Akaliacha sinia kwenye maji.

Aliifunua sufuria. Kitoweo alichombakizia Eufrazia kilikuwa humo, kama bakuli zima. Akachukua mwiko akaanza kula. Alikula amesimama, bila kutafuna vizuri, tui likimchuruzika kidevuni, na nadhiri yake ya Kwaresima ikaishia hapo. Mauwa alimshika mkono, akadhani mwenzake amerukwa na akili, akamuuliza kama anataka kujiua.

"Nataka kujua," Rosalia alisema. "Kama ni wa upesi, utaniambia njiani."

Kilichobaki akakimwaga chooni, akamwachia Mauwa nyumba, akatoka.

Basi halikuja. Akangoja kidogo, akaona kungoja hakuwezi, akashika njia kwa miguu. Barabara ya Kilwa ilikuwa madimbwi matupu, malori yanarusha tope, watu wanatoka kazini wamejifunika magunia. Alipita bila kusalimia, jambo ambalo si tabia yake. Masikio yake yote yalikuwa tumboni. Kila hatua alijiuliza, je, pameanza? Panaunguruma? Pananyonga? Tumbo lilikuwa limetulia kama la mtoto aliyenyonya. Tena, aibu iliyoje, lilikuwa limefurahi, lilikuwa halijala mchana wiki kadhaa.

Utulivu ule ulimtia wazimu. Akaongeza mwendo. Akaanza kusali Salamu Maria, akaisahau katikati, akarudi mwanzo. Alijaribu kukumbuka kama bibi aliwahi kutaja rangi ya kijani, hata mara moja, hata kwa bahati mbaya. Hakukumbuka. Akamkasirikia bibi aliyekufa. Kisha akalikasirikia greda, na mto Mzinga, na Mzee Kamugisha na tamaa yake ya kuongezwa, mpaka hasira ikamrudia mwenyewe, na hapo ikakaa. Yeye aliyeulizwa huu je, huu je, akajibu bila kuinua kichwa! Machozi yalimtoka, akayaacha.

Karibu na Mivinjeni adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha zamani na jua linaanza kulala. Tumboni, kimya.

Ghala alilofanyia kazi Gaspar lilikuwa na geti la mabati, na nje yake malori ya Zambia yamepangana. Akamwomba mlinzi amwitie karani. Akasimama pembeni ya mfereji wa maji ya mvua, wenye ukuta mfupi, na alipoona miguu inakuja, viatu vilivyopigwa rangi, akageuka akampa mgongo. Gaspar naye alipomtambua aligeuka palepale, akalitazama lori. Wapagazi waliokuwa wamekaa kivulini waliona watu wazima wawili wanazungumza, mmoja na mfereji, mwingine na tairi.

"Shikamoo, mama," Gaspar aliliambia tairi.

"Marahaba, baba. Mnaendeleaje? Mzee yuko wapi?"

Mzee amepumzika chumbani, alijibu, si mbali na hapo. Wote wazima. Walikula, walishiba, wanashukuru sana, na mzee njia nzima alikuwa anasifu.

"Hamjaharisha?"

Swali hilo mama mkwe haulizi.

"Hapana, mama."

"Hujatapika? Hata kichefuchefu?"

"Nitapikeje chakula cha mama?" alisema Gaspar. "Kilikuwa kitamu sana."

Rosalia alishika ukuta wa mfereji. Ilikuwa imepita alasiri nzima tangu wale. Hakuna aliyetapika, si yeye, si wao. Kwa hiyo ni ule wa kimya. Wanalala nao leo, wanaamka wazima, wanacheka na watu. Maneno aliyokuwa ameyazuia tangu Mtoni yakamtoka.

"Baba, mie nimewaua," alisema. "Ule uyoga siujui. Nilidhani naujua, nikauokota, siujui. Twende hospitali sasa hivi, wewe na mzee, tuwaambie wakutoeni kilichomo kabla hakijaingia. Usinijibu kwa adabu. Adabu tutaifanya kesho kama utakuwapo."

"Mama, uyoga ulikuwa mzuri," alisema Gaspar, na sauti yake ilikuwa nyembamba.

Hapo ndipo Rosalia alipogeuka. Alifanya jambo ambalo mama yake hakulifanya mpaka anaingia kaburini: alimzunguka mkwewe, akasimama mbele yake, akamtazama usoni. Uso ulikuwa umelowa. Midomo imekuwa myeupe, macho yameingia ndani, na lile shati lililopigwa pasi lilikuwa na doa kifuani ambalo mtu amejaribu kulifuta kwa maji.

Alifungua kinywa amuulize, na kabla neno halijatoka, tumbo lake likajikunja. Lilijikunja mara moja, kwa nguvu, kama nguo inayokamuliwa. Hakuwahi hata kusogea. Akashika ukuta wa mfereji kwa mikono miwili na vyote vikatoka, tui, uyoga aliomeza mzimamzima, vyote, mbele ya mkwewe na wapagazi na madereva wa Zambia. Alipopata pumzi alipiga kigelegele.

Kigelegele kweli, kile cha harusi, cha kupasua masikio. Kikakatika katikati kwa sababu tumbo lilijikunja tena, akatapika, akainuka, akapiga kingine. Wapagazi wakasimama. Mmoja akasema mama wa watu amepandisha mashetani, mwingine akasema apewe nafasi.

"Umetapika na wewe," Rosalia alimwambia Gaspar, akihema, mate yakimning'inia. "Sema. Umetapika?"

Gaspar aliyaangalia malori, akaiangalia ardhi. Kisha heshima ikamshinda, au tumbo ndilo lililomshinda. "Tangu nimerudi kazini, mama. Nyuma ya ghala. Nimeshindwa kuhesabu," alisema. "Ningekuambiaje kwamba nimetapika chakula chako?" Na papo hapo naye akaushika ukuta wa mfereji kando yake. Wakainama pamoja, mama mkwe na mkwe, bega kwa bega, watu ambao asubuhi hawakuruhusiwa kupishana mlangoni, na katikati ya kuinama yule mama alikuwa anampigapiga kijana mgongoni na kumwambia vizuri, baba, toa, toa yote, huku analia na kucheka.

Mzee Kamugisha walimkuta chumbani kwa Gaspar, amelala sakafuni kwa sababu sakafu ilikuwa na ubaridi, ndoo kando ya kichwa chake. Naye alikuwa ameficha. Alimficha hata mtoto wa kaka yake, akimwambia kwamba anapumzika tu, kwa kuwa mgeni hasemi ubaya wa chakula alichokiomba mara ya pili. Wakamtafutia mkokoteni, wakamsukuma hadi zahanati, Rosalia akitembea kando ya gurudumu na ile ndoo mkononi.

Tabibu alikuwa mama wa makamo mwenye haraka. Akawapanga watatu kwenye benchi moja, akagusa ngozi zao, akaagiza maji yenye chumvi na sukari, kisha akauliza wamekula nini.

"Samaki," alisema Gaspar haraka. "Nilinunua mimi. Tulikula kwangu."

Uongo ule ulikuwa zawadi, na Rosalia alijua ni zawadi. Ulikuwa umefunika kila kitu, Mtoni, pazia, sufuria, Jumapili. Mzee alikuwa amefumba macho, hata hakujulikana kama anasikia. Ilitosha kunyamaza tu. Na kule nyumbani muda huo Eufrazia alikuwa anafika kutoka zamu, anavua viatu, anamuuliza Mauwa wageni wamesemaje.

"Si samaki," alisema Rosalia. "Ni uyoga. Mweupe, una magamba na pete, vumbi lake ni la kijani. Nimeuokota mimi, nikawapikia mimi, Mtoni, kwenye nyasi." Akaeleza walikula lini na walianza kutapika lini, bila kuruka kitu. Tabibu aliacha kuandika, akamtazama, akasema kwamba ni vizuri amesema, na kwamba wa namna hiyo hutesa lakini mtu hupona akipata maji ya kutosha, ila watalala pale wote waangaliwe. Akaondoka kwenda kuleta vikombe.

Mzee Kamugisha akafumbua macho. Alimtazama Rosalia kwa muda mrefu. Alikuwa mzee wa Kihaya, anajua mama wa msichana hatazamwi hivyo, lakini alimtazama.

"Mama Eufrazia," alisema, "ulijua lini?"

"Mlipokwisha kuondoka."

"Na wewe mbona unaumwa? Nyuma ya pazia ulikuwa umefunga. Mwenzio alituambia."

"Nilikula baadaye," alisema Rosalia. "Nilipojua."

Mzee hakuelewa, ilionekana. Akamgeukia Gaspar, na Gaspar, kwa Kihaya, kwa sauti ya chini, alimweleza. Maelezo yalichukua muda kuliko jambo lenyewe, kwa sababu msimulizi alikuwa anasimama mara kwa mara kushika tumbo. Rosalia hakuelewa hata neno. Alikaa ukingoni mwa benchi, mikono mapajani, akijua kwamba pale pembeni yake ndipo ndoa ya mwanawe inapoamuliwa, na alishangaa kuona kwamba haogopi tena. Wote watatu walikuwa wanatapika. Alichokuwa amekiomba njia nzima alikuwa amepewa, na hakuwa na uso wa kuomba kingine.

Gaspar alipomaliza, mzee alijipangusa paji la uso kwa mkono wa kanzu.

"Kwenu sitakula tena," alisema. "Hilo liwe wazi. Hata maji nitakuja nayo."

"Ndiyo, mzee."

"Na siku ya kuja rasmi tutaipanga nikiweza kusimama." Akameza mate kwa shida, akanyoosha mkono. "Sasa hivi nisogezee hiyo ndoo, mama, haraka."

Rosalia akainyanyua ndoo kumpa. Haikufika. Katikati ya njia ilibidi aitumie yeye.